Usingizi wa Bwana Keekee

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko katikati ya maji, miguu mikavu, na tumbo limejaa kile chakula cha mtambo wenu wa mafuta unachokisifia mbele ya mama bila hata kumwonea haya. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, na ameanza tena kunigombeza kuhusu nywele zangu, kwa hiyo jua kwamba anapata nafuu. Usingizi tu ndio bado unamsumbua. Wanangu wanakuamkia na wanauliza kama mjomba hulala amefungwa kamba asidondokee baharini.

Mama ameniambia ulivyompigia. Anasema unataka kuacha kazi, kwamba mtu aliyeshindwa kumuaga baba yake hana uso wa kukanyaga sakafu kama zile alizokanyaga baba. Nimelala na maneno hayo na nimeamka nayo. Kwenye simu mimi na wewe huwa tunaishia kulia tu, ndiyo maana nimekaa hapa dirishani na kalamu. Lakini niache kwanza nimkumbuke mzee kidogo, maana siku hizi nikifumba macho tu yuko hapa.

Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka kazini? Begi lililotangulia kuingia mlangoni, harufu ya dizeli na sabuni ya grisi, halafu yeye. Mfukoni alikuwa na vipande vya mawe vilivyopandishwa na tope kutoka chini kabisa ya kisima. Alituwekea viganjani akatuambia kwamba tangu dunia iumbwe hakuna aliyetia jicho kwenye kipande kile, sisi ndio wa kwanza. Wewe chako ukakitia mdomoni. Mama akapiga ukelele, baba akacheka mpaka akakaa chini, akasema mrithi wake amepatikana. Mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba baba anaishi chini ya ardhi, na kwamba kila anapopanda kuja kwetu, huko chini kuna watu wanabaki wakimlilia.

Wenzake walimwita Bwana Keekee, kama kile chombo cha kutobolea, kwa kuwa popote ulipomweka angepenya. Alichimba jangwani, akachimba kwenye vinamasi, akachimba baharini, na kila mara kampuni ilipotafuta mhandisi wa kwenda mahali ambapo hapajafika barabara, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Mama alinuna, kisha akampangia begi. Hata hivyo siku uliyozaliwa wewe aliomba lifti kwenye lori la maji, lori likakwama, akatembea, akaingia wodini akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Mkunga akamtimua akidhani ni fundi bomba aliyepotea njia. Alikuona kwanza kupitia kioo cha dirisha, na wewe ulikuwa umelala fofofo.

Usingizi wake yeye ndio uliokuwa kituko cha nyumba yetu. Kwa watu wengine baba akilala watoto hunyamazishwa, kwetu tulifukuzwa tukachezee chini ya dirisha lake. Mama alisogeza cherehani hadi mlangoni mwa chumba akashona, hata kama hakuna cha kushona. Shangazi alipokuja kututembelea, kwa heshima zake akatunyamazisha sote, akamnyang'anya mama kitambaa. Baba akatoka mbio na suruali ya kulalia mpaka uani, akiuliza nani yuko kwenye pampu. Shangazi aliaga mapema siku ile.

Nilipokua mama alinieleza chanzo chake. Zamani, baba akiwa amelala kwenye kambi ya mtamboni, pampu zilinyamaza ghafla na ule ukimya ukamwamsha. Gesi ilikuwa inapanda kisimani. Alikimbia peku, akawatoa watu, kisha yeye na wenzake wawili wakakifunga kisima kabla hakijalipuka. Wote walirudi kwa watoto wao. Tangu hapo kelele kwake ilikuwa salama, na ukimya ulikuwa jambo la kuvalia viatu, tayari kukimbia.

Sasa fikiria wodi ile aliyolazwa baba siku zake za mwisho. Ukutani bango la kuomba utulivu, na muuguzi wetu, kijana mpole sana, akitembea kwa ncha za vidole. Dawa zilituliza maumivu, lakini baba hakufumba jicho. Mama alileta ile feni yetu kuukuu inayonguruma, wagonjwa wengine wakalalamika, ikatolewa, na haki ilikuwa yao. Tulimsomea, tukamwimbia kwa sauti ya chini, sauti zikatukauka. Macho yake yalikuwa mekundu. Kila mara aliniuliza kama watu wote wametoka. Nilimwambia wametoka, hakuniamini. Niliumia, mdogo wangu, kumwona mtu amechoka kiasi kile na hana pa kuuweka uchovu wake.

Ndipo ulipopiga, kwenye ile simu ya ukutani huko mtamboni, karibu na chumba cha pampu, baada ya helikopta ya kukuleta kuzuiwa na hali ya hewa. Unaamini hakusikia neno lako hata moja, na ni kweli, hakusikia. Ilikuwa ngurumo tupu na sauti yako kwa mbali inamwita baba. Nilitaka kukwambia uhamie mahali penye utulivu. Mama akanishika mkono, akachukua simu, akailaza kwenye mto, sikioni mwa baba.

Baba akasikiliza. Mikunjo ya paji lake ikafunguka mmoja mmoja. Akasema, kwa ile sauti yake ya kazini, kwamba pampu zinakwenda sawasawa, na kwamba kijana wake yuko macho. Halafu akamwomba mama amvue viatu. Hakuwa na viatu. Mama akainama miguuni pake akafungua kamba ambazo hazikuwepo, akamvua cha kulia, akamvua cha kushoto, akavipanga chini ya kitanda. Alipoinuka, baba alikuwa anakoroma.

Wewe ulikata tamaa ukaondoka, ukauacha mkono wa simu unaning'inia. Nasikia bosi wako alikugombeza mbele za watu kwa kuacha laini wazi alasiri nzima. Mwambie asante kwa niaba yetu, maana alasiri yote hiyo baba alilala. Alituondokea akiwa usingizini, na pampu zako bado zinanguruma pale juu ya mto, sikioni mwake.

Kazi uiache au uendelee nayo, hilo ni lako. Lakini usiiache kwa sababu ya kushindwa kumuaga baba. Ulimlaza.

Wanangu, shemeji yako na shangazi wanakusalimu sana. Mama anakubusu, na anaomba ukipata nafasi umpigie kutoka pale pale karibu na pampu, wala usihangaike kuzungumza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima.