Nimewatuliza Wagonjwa Kabla ya Dawa

Shoga, nimeaibika leo mpaka masikio yanawaka.

Si unamjua bosi wangu, mtafiti wa vali za moyo? Sasa anajaribu dawa ya kupuliza puani kwa wanaoletwa dharura na maumivu ya kifua. Kazi yangu ni kuuliza tu: maumivu ni ngapi kati ya kumi, kabla ya dawa na baada yake.

Kaniita. "Dada, wagonjwa wa wenzako wanaanza na nane. Wako wanaanza na tatu. Dawa yangu itashusha nini?"

Tatu, shoga. Kabla ya dawa.

"Huwa unawafanyaje?"

Nikasema nawashika mkono, nawapangusa jasho, nawapa pole, ndipo nauliza. Kama ninavyomfanyia mwanangu.

Akachukua kalamu. Cheti changu cha masomo ya jioni nikakiona kinafungiwa karanga.

"Hawa wako kumi na wanne nawafuta kwenye hesabu. Wewe baki, ila uliza kwanza. Mikono mfukoni."

Basi aliyefuata nikamuuliza nimesimama wima kama askari, mikono mfukoni. Bibi wa watu akanitazama huku anahema.

"Saba, mwanangu. Na wewe, nani kakuudhi?"