Chai Isiyo na Sukari na Mkopo wa Nyumba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika hadi Lushoto. Babu yako hajambo, anapogoa mipeasi.

Unauliza tulimalizaje mapema mkopo wa nyumba hii, miaka ile ya Ujamaa, kwa mishahara ya ualimu. Tulijinyima. Siku moja mama mkwe wangu alikuja kutoka Malindi, ile ya huku huku Lushoto, nami nikamwandalia chai isiyo na sukari.

"Mwanangu, kumbe nyumba ndiyo inayokunywa sukari yenu?" akacheka.

Niliona aibu. Tangu hapo, kila siku ya gulio alituletea viazi, nasi pesa ya chakula iliyobaki tukaiongeza kwenye marejesho ya mkopo.

Zamani nilidhani ni kubana matumizi kwetu kulikolipa. Siku hizi sina hakika. Hati ya nyumba ilipotoka, nilimkabidhi mama mkwe kwanza aishike. Sijajivunia jambo lingine kama lile.

Bibi yako wa mlimani