Siku Niliyoshuka Kwenye Kreni

Jumatatu, 3 Machi

Saiti ya Lanet tangu asubuhi. Ghala la pili la mahindi limefika paa. Kuna boliti za juu ambazo ngazi haifiki na jukwaa halina pa kusimama, kwa hivyo watu wanainuliwa na kreni yangu ndani ya kikapu cha chuma. Wanaopanda ni wawili: shemeji yangu Wanjala, kaka ya mke wangu, na Kamau. Mimi naendesha.

Madam Chebet wa usalama ametuchosha. Kwanza kikapu kipande na mifuko ya mchanga, mizito kuliko watu. Kishuke. Akague ndoano, akague minyororo. Kila mtu afunge mkanda wake. Kisha yeye afunge kitambaa chekundu cha kuonyesha upepo. Halafu aniulize kama mtoto wa nasari: watu wakiwa juu, opareta yuko wapi? Kwa kiti, madam. Hata akiitwa na nani? Hata akiitwa na Mungu, nikamjibu. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Nimeendesha kreni tangu mke wangu Nafula akiwa mchumba. Sijawahi kuangusha hata tofali.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hakuna kuinua. Tumeshinda ndani ya kontena tukinywa chai.

Mama mkwe ameingia kutoka Bungoma. Analala kwa Wanjala, Kiamunyi. Nafula anaimba nyumba nzima. Mimi nina wasiwasi. Kwetu mtu haketi mbele ya mama mkwe, hampi mkono, hali naye meza moja. Kumsalimia ukiwa umekaa juu na yeye amesimama chini, hayo ni matusi.

Hajawahi kuniona kazini. Nadhani bado anafikiri naendesha trekta. Wakati ule alitaka Nafula aolewe na mwalimu.

Jumatano, 5 Machi

Upepo. Chebet amesimamisha kazi mara mbili. Kitambaa kikitingishika tu, shusha watu. Nimelalamika kwa sauti ya kumfikia.

Baadaye akanikuta nimefungua mlango wa kreni, mguu mmoja nje, kikapu kikiwa juu. Nilikuwa nanyoosha goti tu. Akanikaripia mbele ya watu wote. Mwanamke ambaye hajui hata kuwasha hii mashine. Nimekasirika mpaka chakula hakiingii.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika tu nisikae bure.

Wanjala na Kamau walikuwa juu. Chebet alikuwa upande wa pili wa ghala. Nikaona leso ya bluu na kiondo, vinakuja kutoka langoni. Mama. Askari alimruhusu kwa sababu ni mama ya Wanjala. Akasimama nje ya utepe, akatazama kikapu, kisha akanitazama mimi. Mimi nimekaa, yeye yuko chini.

Nikaweka breki. Redio ya kuongea na walio juu nikaiacha kwa kiti. Nikashuka, nikavua helmeti, nikasimama mbali kidogo, macho chini, nikamsalimia vile inafaa. Akauliza watoto. Nikamwambia hawajambo.

Upepo ukashuka kutoka mlima Menengai na vumbi lake. Nikasikia redio inaita kule ndani. Shusha. Shusha. Ilikuwa sauti ya Wanjala.

Nilikimbia. Nilipofika kwa kiti kikapu kilikuwa kimeshagonga ukingo wa ghala. Wanjala alikuwa ametoa mkono ili akizuie.

Mikanda iliwashika. Kamau hana hata mkwaruzo. Mkono wa kulia wa Wanjala umesagika. Mama yake aliona yote akiwa amesimama pale pale, na kiondo mkononi.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekata vidole viwili. Yeye ni fundi wa kuchomelea. Mkono wake wa kazi ni ule.

Nilisimama nje ya wodi nikashindwa kuingia, kwa sababu Mama alikuwa ndani. Nikajificha nyuma ya heshima tena.

Ofisi imenisimamisha kazi. Niliandika maelezo: nilishuka kumsalimia mama mkwe. Ukiyasoma unafikiri ni mzaha. Nafula ameniwekea chakula na kunigeuzia mgongo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani watu wamenishika mkono mmoja mmoja. Ungefanya nini, wanasema. Mkwe ni mkwe. Mzee mmoja akasema angenishangaa kama ningebaki nimeketi. Hata Wanjala, bandeji mpaka kiwiko, ameambia watu wa ofisi kwamba na yeye angeshuka. Wote wananitetea. Ningependa mtu mmoja anitukane.

Nilingoja Chebet ndiye anitukane. Alipiga simu jioni, akauliza kama nimekula. Nikakata simu nikalia.

Wacha niandike hapa, kwa vile hakuna anayesoma. Haikuwa heshima. Kwetu mtu akimwona mama mkwe kwa njia anapinda kando, anajifanya hajamwona, na hakuna anayemlaumu. Ningegeuza uso tu. Ningebaki kwa kiti, na heshima ingekuwa imetimia. Nilishuka kwa sababu nilitaka anione nikitoka kwenye mashine kubwa hivyo. Na sikushuka haraka. Nilishuka polepole, ngazi kwa ngazi, ili aone vizuri.

Naona aibu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeenda Kiamunyi. Wanjala ametoka hospitali, alikuwa amelala. Mama alikuwa mlango wa jikoni, anachambua mboga. Nikasimama kwa ua. Nafula alikuwa katikati yetu, akiwa hajui atazame wapi.

Nikamwambia Mama kila kitu. Kwamba ningeweza kugeuza uso. Kwamba nilitaka anione. Sijawahi kuongea naye maneno mengi hivyo tangu nioe.

Kisha akasema tangu siku ile hajalala. Anafikiri ni yeye alileta mkosi saiti, kwamba miguu yake ndiyo iliyokata mkono wa mtoto wake. Alishawaambia watu kule nyumbani hivyo. Na mimi nilikuwa nimemwacha abebe, siku zote hizi, nikipewa pole kanisani.

Akaongea tena, bado anaangalia mboga zake.

"Watu wakiwa juu, mimi sijafika. Hata ukiniona, sijafika."

Basi. Akarudi kuchambua.

Jumapili, 30 Machi

Wamenirudisha. Chebet aliniombea kwa ofisi, nasikia. Afadhali nisingesikia. Wiki nzima sasa nimeinua mifuko ya mchanga tu, juu, chini, juu, chini, na yeye amesimama pale. Swali lake bado ni lile. Nalijibu bila utani.

Wanjala atarudi kesho. Hawezi kushika mashine ya kuchomelea. Wamempa redio na kazi ya kunipa ishara kutoka chini. Aliomba mwenyewe iwe kreni yangu. Nafula amenieleza hilo akikunja nguo, kisha akaniuliza kesho nitavaa shati gani. Ni mara ya kwanza ananiuliza kitu tangu ile siku.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo watu wamepanda. Kamau na mwenzake mpya. Mchanga kwanza, kisha wao. Kitambaa kilikuwa kimelala.

Wakiwa juu kabisa nikaona leso ya bluu langoni. Mama amekaa Kiamunyi kumuuguza Wanjala, kesho anarudi Bungoma. Alikuja mpaka kwa utepe akasimama. Wanjala alimwona, kisha akanitazama.

Nilibaki nimeketi. Sikuinamisha kichwa. Jasho lilinitoka mgongoni na mikono ikabaki kwenye vyuma. Yeye naye hakunitazama. Alikuwa anatazama kikapu tu.

Kazi ilichukua muda. Wanjala akanipa ishara, nikashusha taratibu, kikapu kikagusa chini, Kamau akafungua mkanda akatoka, na mwenzake akatoka. Nikazima injini. Nilipogeuka Mama hakuwa pale. Alikuwa ametuachia chupa ya uji kwa askari.

Tuliketi na Wanjala kivulini kwa ghala. Alimimina yeye. Alimwaga kidogo. Akanipa kikombe kwa mkono wa kushoto, na mimi nikakipokea kwa miwili.

Uji ulikuwa bado moto.