Gari Linalomtazama Dereva

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kumtukana aliyejenga nyumba yenu. Shemeji naye msalimu sana, mwambie kikohozi hakiponi kwa kukikaripia. Huku kwetu mke wangu hajambo, cherehani yake haipumziki, na watoto wanakula kama wamefunguliwa kamba. Uliniuliza habari za jicho la kushoto. Nitakujibu, ila niache kwanza nikusimulie habari ya magari, maana ni habari hiyohiyo moja.

Unajua bosi wangu, yule wakili, hanunui kitu chenye magurudumu mpaka mimi niseme neno. Hata baiskeli za mapacha wake nilizijaribu mimi, magoti yananigonga kidevu, majirani wanacheka. Miaka kumi na moja ananiita Rubani. Sasa ameamua kuachana na petroli, na macho yake yameangukia magari mawili ya umeme, ya kifahari, milango minne lakini mbio zake ni za mashindano. Moja la buluu, moja jeupe. Akasema kazi yake yeye ni kukaa nyuma na kusoma majalada, kwa hiyo nitakalolitaja mimi ndilo hilo.

Nawe unajua daktari wa macho aliniambia nini miezi minne iliyopita. Alinikalisha gizani, akawasha vitaa, na vya kushoto vyote nikavikosa. Akasema upande ule unajifunga na haurudi, na nisishike usukani tena. Ulinisihi nimwambie wakili, nikakuahidi wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo, dada, mpaka leo haijafika. Chumba na sebule tunamoishi viko nyuma ya nyumba yake, kazi ikiisha na ufunguo unarudi. Halafu nje ya usukani mimi ni nani? Kila asubuhi nikifuta vioo najipangia maneno, na wakili akitokea na mapacha najikuta nimefungua mlango tu, nimetabasamu kama zuzu.

Basi Jumamosi tukaenda kuyajaribu. Muuzaji, bwana mmoja wa viatu vilivyochongoka, alitutolea la buluu kwanza. Nikakaa, nikafunga mkanda, nikasubiri. Nikamwuliza mbona hatuliwashi, akanijibu kwa adabu zote kwamba limewaka tangu nilipokalia kiti. Wakili alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nikagusa pedali kidogo tu, lo, likafyatuka! Mgongo ukanigandia kitini, na halina hata mngurumo. Nikuambie kweli, nilifurahi. Kwa dakika chache nilisahau kila kitu.

Tulipokata kona ya barabara ya karakana, gari likajifunga breki lenyewe. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye mwendo. Nikageuza shingo, na pale kushoto, karibu na boneti kiasi cha kuigusa, amesimama fundi na ngazi begani, ananitolea macho. Haki ya Mungu sikumwona. Muuzaji alikuwa ameinamia simu yake. Wakili, akidhani ni mguu wangu uliolisimamisha, akashusha pumzi, akasema mwenye kumpata dereva kama mimi alale usingizi, mwingine angeshaua mtu. Nami, bila haya, nikamshukuru.

Tuliporudi, muuzaji akatuonyesha kamera ndogo juu ya usukani. Akasema gari hili linamtazama dereva. Kila asubuhi kabla ya kuondoka dereva anafuata kinukta kwa macho, na jicho lisipofuata, gari linapiga kelele, kisha taarifa inaingia kwenye simu ya mwenye gari. Wakili akapenda sana, akatania kwamba sasa atajua siku nilizolala vibaya. Nikajitia kukagua matairi.

Jeupe ni laini, viti vipana, na halina habari na macho ya mtu. Muuzaji alisema limetengenezwa kwa wanaopenda kuendesha wenyewe, lisimame pale tu mguu unapolisimamisha. Nililizungusha mtaa mmoja, shingo nimeipinda kushoto muda wote.

Sikulala vizuri siku mbili. La buluu lingewakinga watu na mimi, lakini lingenitaja asubuhi ya kwanza. Jeupe lingenificha. Jumatatu, nikimshusha mahakamani, wakili akanitaka neno langu. Akaongeza kwamba moyo wake uko kwa la buluu, kwa ajili ya mapacha.

Dada, nilisema jeupe. Tena sikuishia hapo. Nilimwambia la buluu lina breki za woga, zinashtuka ovyo, zitawavunja watoto shingo. Breki zilizomwokoa yule fundi, nimezisingizia. Wakili hakubisha hata kidogo. Alisema kama Rubani amesema, yameisha.

Linaletwa Ijumaa, na safari yake ya kwanza ni kuwapeleka mapacha shuleni. Gari letu hili kuukuu linanguruma, watu wanalisikia na kujisogeza, nami najivuta nalo kama konokono. Jeupe lina mbio na hakuna atakayelisikia likija. Pale getini watoto wanatokea upande wa kushoto.

Nimejaribu mara tatu tangu Jumatatu. Ulimi unagoma. Sitaweza, nimejijua. Namba ya simu ya wakili nimeiandika nyuma ya karatasi hii, ninayoituma kwa basi la leo ikuwahi. Mpigie kabla ya Ijumaa, umwambie wewe ni dada wa dereva wake na kwamba kushoto haoni. Tafadhali usinipigie mimi kwanza, maana nitakukataza, na ninavyojua kubembeleza, utanikubalia.

Mke wangu anakusalimu, naye hajui lolote. Wabusu wapwa zangu wa hapo kwako.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.