Magadi na Mguu wa Plasta

Jumatatu, 5 Novemba 1979
Plasta inawasha tena. Nimejikuna na waya wa mwavuli. Kutoka paja hadi vidole, yote jiwe. Ningekuwa nimeumia kwenye mpira ningejivunia, lakini mimi nilianguka mtaroni hapa mtaani Sarang'ombe. Aibu tupu. Daktari alisema isiguse maji, mfupa utahama.

Mtihani wa Jiografia wa kuingilia chuo cha ualimu ni Jumanne ijayo, Kawangware. Nisipopita, mkuu wa shule ameshasema: Januari analeta mwalimu mwenye cheti mahali pangu. Na mimi niende wapi? Kazi nyingine sijui.

Dirisha ni moja, linatazama ukuta wa jirani. Nauchukia huo ukuta.

Jumatano, 7 Novemba
Miamba ya mashapo. Aina ya kwanza naijua. Jua na mvua huvunja mawe, mto hubeba vipande, ukichoka unaviacha. Tabaka juu ya tabaka. Uzito unakamua maji, madini yanagandisha punje. Mchanga unakuwa jiwe. Ya pili ni mabaki ya viumbe: makombe ya baharini hugeuka chokaa, mimea hugeuka makaa ya mawe.

Ya tatu haiingii kichwani. Kitu kuhusu maji kukauka. Mifano yote ya Ulaya! Nimekirusha kitabu ukutani. Kisha nikatambaa kukifuata kama mtoto. Nimelia.

Alhamisi, 8 Novemba
Mama Okoth wa mlango wa pili kaniletea bonge la magadi, ati nimpondee. "Mwalimu, si umekaa tu? Hii mboga ya osuga haiivi bila magadi." Nimeponda kwa hasira.

Halafu nikamwuliza inatengenezwa kiwanda gani. Miaka yote nadhani ni kama sabuni! Akacheka mpaka akashika mlango. "Kiwanda gani, bana! Inachimbwa ziwani."

Nimefungua kitabu. Maji ya ziwa hukaushwa na jua, chumvi inabaki, inakuwa mwamba. Aina ya tatu. Kumbe nimekuwa nikiila kwa mboga.

Jumamosi, 10 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Saa nane maji yakaingia. Nimekaa juu ya meza, mguu nimeunyoosha kwenye kiti, siwezi kwenda popote. Hofu.

Yamepungua jioni. Changarawe imebaki mlangoni, mchanga katikati ya chumba, tope laini chini ya kitanda. Maji yalivyopungua nguvu, yaliacha kizito kwanza. Somo zima la mashapo liko sakafuni mwangu, na ningefurahi kama si viatu vyangu kuwa humo.

Plasta imenusurika.

Jumatatu, 12 Novemba
Bado inanyesha. Baba Okoth anasukuma mkokoteni wa viazi soko la Kawangware. Atanibeba kesho. Mkewe kasema nimerukwa na akili, mguu utaoza. Nimemwambia mguu ni wangu. Nilimfokea, na sikupaswa.

Sijala.

Jumanne, 13 Novemba
Tumefika. Nailoni niliyofungia mguu ilipasuka njiani, maji yakaingia kwenye plasta. Nilihisi inalegea. Baba Okoth akasimama: "Turudi, Mwalimu?" Nikasema sukuma.

Swali la tatu: eleza jinsi miamba ya mashapo inavyotokea, toa mfano wa Kenya kwa kila aina. Nimeandika mpaka mkono ukafa ganzi. Magadi nimeiandikia ukurasa mzima. Mguu ulikuwa ukipiga kama ngoma chini ya dawati, na mimi nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 23 Novemba
Hospitali. Wameikata ile plasta, wamenifunga nyingine. Mfupa ulihama, na tayari umeanza kushika hivyo hivyo. Wangeweza kuuvunja upya. Nimekataa.

Nitachechemea maisha yangu yote. Nilimwuliza daktari kama chuo cha ualimu kinachukua kiwete. Hakuinua macho. "Kwani chaki unashika na mguu?"

Niliporudi nyumbani, Mama Okoth alikuwa amenisogezea kitanda karibu na mlango. Nimemwomba msamaha. Jioni nimekaa nikitazama watu wakipita kwenda mtaa wa Makina.