Gitaa la Baba na Boriti ya Chumbani kwa Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 2 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu hao wawili ambao nasikia wameshanizidi kimo. Goti lako je? Usinijibu kwamba halijambo kama lina jambo, nakujua. Huku tu wazima. Mama anakula, anatembea, na bado ana ugomvi na jirani kuhusu ule uzio. Hilo neno "wazima" nimeliandika nikasita, maana ndilo lililonikalisha mezani.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nikikupigia, kabla sijamaliza salamu Mama ameshaninyang'anya simu na kuiweka spika ili mtaa mzima ukusikie. Nikikutumia ujumbe mrefu, unanijibu kwa kidole gumba. Kwa hiyo nimempa msafiri barua hii pamoja na flashi. Usiichomeke popote kwanza, soma hadi mwisho.

Unalikumbuka gitaa la marehemu Baba, alilolichonga kwa ubao uliobaki alipomaliza kuweka boriti za nyumba. Baada ya msiba wewe ulichukua saa yake, mimi nikachukua gitaa. Kulichukua ni maneno tu, kwani Mama hakukubali lihame mahali pake, kwenye msumari wa boriti iliyo juu ya kitanda chake. Nililishusha nikienda kazini, nikirudi nalitundika palepale.

Kazi yangu ni ileile ya bendi: harusi, mahafali, na wastaafu wanaolia kwenye maikrofoni. Shida yangu ya miaka yote ilikuwa kwamba gitaa hilo lilisema kwa kifua likiwa mikononi, lakini nikilichomeka kwenye spika lilitoa sauti ya waya wa kuanikia nguo. Fundi mitambo wetu, ambaye kwa wembamba wake na kwa kazi yake tunamwita Waya, alinieleza sababu. Kile kidude kilichobandikwa chini ya nyuzi kinasikia nyuzi peke yake, tumbo la gitaa hakilisikii. Alisema spika hazina kosa, zinatangaza zilichoambiwa.

Miaka miwili iliyopita tukalitafutia dawa. Tulifunga madirisha, tukazima friji, Waya akaweka maikrofoni mbele ya gitaa na mimi nikapiga kila uzi kutoka sauti nene hadi nyembamba. Kompyuta ilirekodi yote mawili kwa pamoja, kilichosikiwa na kidude na kilichosikiwa na maikrofoni, halafu ikakokotoa tofauti, yaani kile ambacho tumbo la gitaa linaongeza. Tofauti hiyo ikawa faili, na faili ikaingia kwenye kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Tangu siku hiyo, nikiwa jukwaani, kisanduku kinalirudishia gitaa tumbo lake. Mama aliposikia mara ya kwanza aliacha sufuria jikoni akaja kusimama mlangoni. Alisema ndivyo Baba alivyokuwa akisafisha koo kabla ya kuongea.

Nilivimba kichwa, Kaka, hata Waya akaniambia nipunguze.

Mwaka jana gitaa likaanza kufifia likiwa halijachomekwa. Uzi mnene uliokuwa ukivuma hadi uchoke sasa ulisema du, ukanyamaza. Nikabadilisha nyuzi. Nikalaumu hewa, nikalaumu kucha zangu. Waya alitaka turekodi upya, kwa sababu sauti iliyo kwenye kisanduku ni ya gitaa la zamani na mkononi nashika jingine. Nikakataa, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa tamu na hii mpya sikutaka hata kuisikia. Jukwaani watu waliendelea kusikia gitaa zima, na mimi nikajiunga nao kulisikia. Mama hupenda kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kila mara huwa anawasema majirani. Mimi nilificha maradhi kwa kifaa cha kisasa, nikapigiwa makofi.

Wiki tatu zilizopita, mchana kweupe, kwenye sherehe ya mwalimu mmoja anayestaafu, uso wa gitaa ulibonyea chini ya kiganja changu. Haukupasuka kwa kishindo. Ulizama taratibu kama biskuti kwenye chai, na noti ya mwisho ikatoka kwenye spika ikiwa nzuri kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipoinuka, gauni langu jeusi lilikuwa na unga mapajani. Mwalimu alidhani ni poda, akanipa leso yake.

Nikalipeleka kwa fundi samani wa mtaa wa pili. Hakuhitaji tindo, alilifungua kwa kidole. Ndani ubao ulikuwa umebunguliwa vijia kila upande, umebaki ngozi tu. Akasema ni dumuzi, mdudu anayekula mbao kutoka ndani. Nikamuuliza kama litapona. Aliusugua ule unga kati ya vidole kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hili lilikuwa likitundikwa wapi?"

Nikamwambia kwenye boriti, chumbani kwa Mama.

"Basi mdudu hakuanzia hapa," akasema. "Hapa alishuka tu."

Boriti ile unaijua, Kaka, ni mti uleule. Uso wa gitaa ni mwembamba, ndiyo maana ulisema mapema. Boriti ni nene, inaliwa kimyakimya, na kwa nje ile rangi ya Baba bado inang'aa. Na juu yake siku hizi hakuna mabati, kuna vigae vyako. Sikulaumu. Ulimtakia Mama heri, naye tangu vilipopanda mwaka jana huwasimamisha wapita njia wavitazame. Lakini wewe ndiye uliyevichagua, uzito wake unaujua kuliko mimi, na vikilowa vinazidi. Mawingu yameshaanza kukusanyika kila alasiri.

Fundi alikuja nyumbani akaomba kutoboa tundu moja dogo kwenye boriti. Mama alimpa chai, akamsifia viatu, akamsindikiza hadi nje. Jioni yake nilimsihi ahamie chumbani kwangu walau kwa mwezi mmoja. Alinitazama hadi nikainamisha macho.

"Nyumba aliijenga baba yako, akaiezeka kaka yako," akasema. "Wewe umeleta nini humu zaidi ya kelele?"

Liliniuma, na hadi sasa linaniuma. Lakini namwelewa. Anachoona yeye ni kwamba nimeshavunja gitaa la mumewe na sasa nataka kumvunjia paa la mwanawe.

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Alhamisi asubuhi nilipanda juu ya meza na maikrofoni ya Waya, nikazigonga boriti kwa kidole kilichokunjwa, kama mtu anayebisha hodi. Hata tumbo la gitaa linaweza kupimwa hivyo: unagonga mara moja, unasikiliza kinachorudi. Kwenye flashi utakuta mipigo mitatu. Wa kwanza ni boriti ya sebuleni, inajibu vizuri, inavuma, utadhani Baba kaiweka jana. Wa pili ni ya chumbani kwa Mama upande wa mlango, nayo inajibu kwa shida. Wa tatu ni boriti ya msumari, juu ya mto wake. Waya aliusikiliza kando ya rekodi za gitaa za wiki ile ya mwisho, alizozichukua jukwaani kabla sauti haijapita kwenye kisanduku. Akavua hedifoni bila kufanya mzaha wowote, na huyu ni mtu anayefanya mzaha hata msibani.

Sijausafisha mpigo huo kwa mtambo wowote. Nawe usiupandishe sauti wala kuuremba, usikilize hivyohivyo ulivyo. Na ukiisha usizime. Kuna ukimya, kisha utasikia kitu kama mchele unaomiminwa polepole kwenye karatasi. Huo ni unga unaoanguka kwenye mto. Kisha Mama anaingia, na utamsikia akiniambia niache kumgongea nyumba, kwamba hilo ni vumbi la vigae vya mwanawe. Kila asubuhi anaukung'uta mto ule akitabasamu, Kaka.

Maneno yangu kwake ni upepo, yako ni sheria. Mpigie siku hiyohiyo utakayosoma hapa. Habari za dumuzi usimtajie, atabishana nawe hadi salio liishe. Mwambie tu kwamba wewe unataka ahame chumba kile leo, na kwamba ni wewe unayeamuru vigae vishushwe. Najua itakuuma, hata mimi kukizima kile kisanduku kuliniuma. Fundi na Waya wako tayari, wanangoja ruhusa yake tu.

Wakati nakusubiri nimelihamishia godoro langu chumbani kwake. Nimemdanganya kwamba kwangu kuna mbu. Amefurahi sana, anasema tangu gitaa litoke chumba kilikuwa kimya mno.

Msalimie sana wifi, mwambie gauni lake limekwisha kushonwa na nitalituma akipatikana msafiri mwingine. Wanangu wabusu kwa niaba ya shangazi yao, hata kama wamekua na wanaona aibu. Mama ananiuliza kutoka jikoni naandika nini. Nimemwambia namwandikia Kaka, naye anasema nikushukuru tena kwa paa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, naye atushikie na hii ya kwetu mpaka simu yako ilie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
ninayelala chini ya vigae vyako.