Vidonge kwenye Kisahani Kimoja

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kipashe moto. Binti yako aanue nguo kabla mvua haijanyesha. Nimeenda hospitali, usishtuke.

Asubuhi ulipokuwa unaoga, muuguzi alinipigia simu. Majibu ya vipimo vyangu yametoka: akiba ya madini ya chuma mwilini iko chini vilevile, na tezi ya shingo bado inasuasua. Akaniuliza dawa nameza vipi. Nikamjibu kwa kujidai kwamba mume wangu huniletea kitandani kila siku, kidonge cha tezi na cha kuongeza damu kwenye kisahani kimoja, pamoja na chai. Akanieleza kwamba hapo ndipo penye tatizo. Kumbe chai inazuia chuma kilicho kwenye kidonge cha damu, na chuma nacho kinazuia dawa ya tezi. Vinagombana tumboni, halafu mimi nasinzia mchana kutwa, nyie mnaniita Bi Mto.

~~Makosa ni yako.~~ Hatukujua.

Leo wanapima na tezi zilizo juu ya figo, maana nazo zikilegea, uchovu wake unafanana na huu.

Nilitaka kukuambia, lakini ulikuja na kisahani chako huku unapiga mluzi, nikashindwa. Vidonge vya leo viko chini ya mto.

Kuanzia kesho niletee kidonge cha tezi na maji matupu. Cha damu nitameza mchana. Chai ije baadaye, lakini ije. Miezi yote hii, kilichokuwa kinaniamsha ni hiyo chai, si vidonge.

Mama Watoto
(Bi Mto)